Konda na dereva gari moja, presha tofauti: uzi wa sisi tunaoshinda tumekaa

Mzee wa Kaunta

Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko famasi, jirani kabisa na stendi ya daladala, mtaa siutaji maana kuna wateja wangu humu. Pale kaunta kuna mashine ya presha, ikifika saa kumi na moja jioni foleni ni madereva, makonda, mama ntilie, bodaboda na wale ndugu zetu wa maofisini wanaoshuka mwendokasi tai imelegea. Nimekaa pale hadi nimeanza kubashiri namba kabla mashine haijamaliza kupuliza, na nisiyemkosea ni dereva. Hata awe mwembamba utakuta 150 kwa 95 na anakwambia "mbona niko fresh tu". Konda wake anakula kwa mama ntilie yule yule, analala saa chache zile zile, koo limekauka kwa kuita abiria kutwa, ila mara nyingi anasoma vizuri.

Hiyo ni kaunta tu, msije mkanikamata. Ila kuna utafiti wa zamani ambao nikiusimulia pale stendi watu wanacheka alafu wananyamaza. Daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, aliwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London na majibu yakachapishwa mwaka 1953. Dereva na konda, mwajiri mmoja, basi moja. Dereva kakaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukatisha tiketi, ngazi mia kadhaa kwa siku. Madereva wakawa wanaugua moyo zaidi ya makonda. Akaangalia na watu wa posta, wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli wakawa na nafuu kuliko makarani wanaoshinda kwenye kiti.

Sasa angalia hapo, yule konda wa London hakuwa anafanya mazoezi, alikuwa kazini. Hakuvaa raba wala hakulipia jimu. Sisi huku mtu anakaa kwenye kiti Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi anavaa tisheti ya kikundi cha jogingi anakimbia mpaka ufukwe wa Coco, akimaliza supu na chapati nne na soda baridi mbili, Jumapili kalala, na moyoni anajua wiki hii afya kashaiweka sawa. Simkatazi jogingi, jogingi ni nzuri na vikundi vya Temeke vinanifurahisha sana vikipita asubuhi na matarumbeta. Ninachobisha ni kuamini masaa mawili ya Jumamosi yanafuta siku tano za kukaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kawaida wa kukuhemesha kidogo, na muongozo wa 2020 ukaondoa lile sharti la zamani kwamba lazima iwe dakika kumi mfululizo ndo ihesabike. Maana yake ukishuka kituo kimoja kabla ukatembea, inahesabika. Ukipanda ngazi ghorofa mbili badala ya kusubiri lifti, inahesabika.

Nitaendelea na chumvi, ngoja nihudumie watu hapa.

Kijana wa Mbagala

Nakaa siti ya mbele kabisa. Endelea mkuu.

Prof Maskani

Mkuu nina swali la kuchokonoa. Si inawezekana wanene ndo walikuwa wanachagua udereva na wepesi wepesi wanachagua ukonda? Hapo kiti hakina kosa, mtu kaja na kitambi chake kutoka nyumbani.

Mzee wa Kaunta

Prof swali safi sana, na Morris mwenyewe alijiuliza hivyo hivyo. Unajua alifanyaje? Alienda kuangalia saizi za sare. Kampuni ilikuwa inawashonea sare kwaio vipimo vya kiuno vipo. Mwaka 1956 wakachapisha, na kweli madereva walikuwa wanavaa suruali za kiuno kikubwa zaidi, hata vijana wanaoanza kazi. Kwaio hoja yako ina ukweli wake. Ila baadae wakagawanya watu kwa saizi ya kiuno, wembamba na wembamba, wa kati na wa kati, wanene na wanene, na bado konda akawa na hatari ndogo ya kufa ghafla kuliko dereva wa kiuno kama chake. Kitambi kina kesi yake na kukaa kuna kesi yake.

Na Morris mwenyewe alifuata alichokiona, alikufa 2009 akiwa na miaka 99.

Mama Wawili

Nyie wanaume mkiandika afya mnaandika ofisi na daladala tu. Mimi niko nyumbani, nafua kwa mkono, nadeki, nabeba ndoo kutoka kwa jirani maji yakikatika, nakwenda sokoni na kurudi na kikapu. Alafu baba watoto anarudi jioni anatoka na raba eti anaenda "kufanya mazoezi", ananiambia na mimi nianze mazoezi. Hv hii haihesabiki?

Mzee wa Kaunta

Dada yangu inahesabika tena sana. Kubeba ndoo na kufua ni kazi ya mwili kamili, ule muongozo nilioutaja unazitaja na kazi za nyumbani humo humo. Mwambie shemeji abadilishane na wewe wiki moja, yeye afue, raba uvae wewe. Kitu kimoja tu angalia, mgongo unapoinama kudeki kwa ufagio mfupi, tafuta ufagio wa mpini mrefu.

Mzee wa Kaunta

Haya chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na hapo ni jumla ya kila kitu ulichokula kutwa. Ukimuuliza mtu wetu anakwambia "mimi situmii chumvi nyingi" na anamaanisha haongezi mezani. Sasa nifuateni kwenye siku ya dereva mmoja ninayemfahamu, kaniruhusu nimseme ila jina hapana. Saa kumi na mbili asubuhi supu ya ng'ombe, pale pembeni kuna kisosi cha chumvi na pilipili na ndimu, anabana chumvi kwa vidole vitatu anamwagia, anaonja, anamwagia tena. Chapati mbili, nazo zina chumvi. Saa nane wali maharage, maharage yamewekwa magadi yaive haraka, na kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Jioni chipsi, chumvi inanyunyiziwa mbele ya macho yake, na chachandu. Nyumbani mchuzi umewekwa vile vidonge vya viungo viwili, na mke kaongeza na chumvi juu kwa sababu vidonge havihesabiwi kama chumvi. Huyu mtu nikamwambia apunguze chumvi akaniangalia kama nimemtukana, kwake chumvi ni ile ya kwenye kopo tu.

Magadi nayarudia kwa sababu watu wengi hawayajui. Kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Unapika kisamvu, mlenda, maharage, unatupia magadi alafu unasema hujatia chumvi nyingi. Kwa watu wa Arusha na Moshi kuna na la ziada, magadi ya kule yana floraidi nyingi, ni sehemu ya sababu ya yale meno ya kahawia. Maharage yaloweke usiku, maji mwaga, yataiva yenyewe bila magadi na gesi tumboni itapungua pia.

Na zile chumvi za pinki za bei ya ajabu ni chumvi, sodiamu ni ile ile, na nyingine hazina madini joto ambayo ya dukani imewekewa. Ukizinunua nunua kwa rangi yake.

Makanga wa Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Hii hadithi ya dereva na kondakta nimeisoma nikicheka kwa maana mimi ni makanga, miaka na mikaka naning'inia mlangoni. Lakini ndugu, sisi huku asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, chai sukari vijiko vinne, jioni viazi karai. Hilo la sukari mbona hulizungumzii? Mamangu ana sukari na babangu ana presha, nyumba nzima ni vidonge.

Mzee wa Kaunta

Pole kwa wazee. Sukari nilikuwa naifikia. Kiwango cha sukari ya kuongeza, ukijumlisha na asali na juisi, ni chini ya gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana 25. Kijiko cha chai kina kama gramu 4. Sasa chai yako ya vijiko vinne mara tatu kwa siku umeshamaliza hesabu kabla ya kula chochote kitamu. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350 inakaribia vijiko tisa. Juisi ya miwa watu wanaichukulia kama dawa, ni sukari ile ile. Tunda lenyewe ukilitafuna halina shida hii, embe lile, chungwa lile na nyama zake, usilikamue.

Mbaazi mkuu endelea nazo, ziko vizuri, punguza hamri.

Ushauri wangu kwenye sukari ya chai ni mdogo sana na watu wanaudharau: toa nusu kijiko, kaa nayo mpaka ulimi uzoee, alafu toa nusu nyingine. Mtu akiacha ghafla anarudi ndani ya wiki na anarudi na hasira.

Kufa Ni Siku

Chai tupu hii. Babu yangu kala nyama choma na ugali na kapiga pombe ya kienyeji mpaka miaka tisini na. Hajawahi kupima presha. Nyie wa siku hizi mnaogopa chumvi. Kufa ni siku mzee.

Mzee wa Kaunta

Kufa ni siku kweli, ila kiharusi si lazima kikuue. Kinakuacha upande mmoja hauendi, mdomo umepinda, na mtu wa kukugeuza kitandani kila baada ya masaa mawili usitoke vidonda, na huyo mtu ni mkeo au binti yako aliyeacha biashara yake. Nenda wodini ukaone umri wao, wengi sio vikongwe.

Babu yako sibishani nae, Mungu amrehemu kama ametangulia. Ila nikuulize, babu alikuwa anafika shambani kwa usafiri gani? Alirudi kwa usafiri gani? Tunao Wahadzabe pale Ziwa Eyasi mpaka leo wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kulina asali na kula ubuyu. Watafiti waliwafungia vifaa vya kupima mwendo wa moyo, wakakuta wanapata zaidi ya masaa mawili kwa siku ya shughuli ya kuhemesha, na presha ya juu kwao ni ya wachache, hata wazee. Na asali wanakula kweli kweli. Sasa wewe umechukua nyama ya babu ukaacha miguu ya babu.

Kuna jambo lingine kwa hao Wahadzabe limenishangaza. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha kwamba jumla ya nishati wanayochoma kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, inalingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili unabana matumizi sehemu nyingine. Ndo maana mtu anakimbia mwezi mzima kitambi hakishuki anakata tamaa, anasema mazoezi hayasaidii. Yanasaidia moyo, presha, sukari, usingizi. Kitambi kinashukia zaidi kwenye sahani.

Kijana wa Mbagala

Hapo kwenye kitambi umenigusa. Vipi hatua 10,000 kwa siku? Simu yangu inanisema kila usiku nimefikisha 4,000, najiona mzembe.

Mzee wa Kaunta

Hiyo 10,000 haikutoka hospitali. Ilitoka kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, namba nzuri ya kuuzia. Mwaka 2019 huko Marekani walichapisha utafiti wa kina mama watu wazima, wastani wa miaka 72, wale wa hatua 4,400 walikuwa wanakufa wachache zaidi kuliko wa 2,700, faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi alafu ikatulia. Wewe ni kijana, ongeza tu. Ukila mchana tembea hata robo saa kabla hujarudi kwenye kiti, sukari ya damu inashuka vizuri misuli ikiwa inafanya kazi.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha miaka mingi, sasa nimepumzika. Wengi hapa hawajui dereva anakula nini zaidi ya chakula: mgongo. Ukikaa kwenye kile kiti na injini chini ya miguu, jioni mgongo unawaka, unapita duka la dawa unachukua diklo, kesho unaendesha tena. Tulikuwa tunameza kama karanga. Hilo lina uhusiano na presha au ni yale yale tu?

Mzee wa Kaunta

Mzee wangu shikamoo. Umeleta jambo ambalo lilistahili uzi wake. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote wa kundi lile wanafanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda, na ukizimeza muda mrefu figo zinaweza kuumia. Na kama mtu yuko kwenye vidonge vya presha, zinaweza kuvipunguza nguvu, mgonjwa anaongezewa dozi kumbe kinachopandisha kiko kwenye mfuko wake wa shati. Mimi ni muuzaji na bado nawaambia, mtu akija mara ya pili wiki hiyo hiyo kutaka diklo namuuliza amepima lini presha. Wengine wananuna wanakwenda duka la pili, sawa.

Mgongo wa dereva unataka kushuka kwenye gari kila mwisho wa ruti, kutembea kulizunguka, kunyoosha kiuno. Pochi nene ya mfuko wa nyuma itoe pia, unakalia upande mmoja juu siku nzima.

Dada wa Uhasibu

Naombeni msaada, nilipima kwenye mashine ya duka jirani ikasoma 148/92, nikaenda zahanati kesho yake ikasoma 126/80. Niamini ipi?

Mzee wa Kaunta

Kwanza umepimaje? Juzi alinijia bodaboda kafunga pikipiki juani, kofia bado mkononi, simu sikioni anagombana na mtu wa marejesho, anatoa mkono juu ya jaketi anasema "nipime fasta". Hiyo namba ukiiandika umeandika ugomvi.

Kipimo kinataka ukae dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu miwili chini usiikunje nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, nguo imepandishwa, uwe umetoka kukojoa, usiongee. Kahawa, sigara na zile enaji nusu saa kabla hapana. Kama mkono ni mnene na kitambaa cha mashine ni kidogo kitakusomea juu, omba kikubwa. Pima mara mbili ukiachanisha dakika moja, alafu siku kadhaa tofauti uandike. Ikiendelea kuwa 140/90 kwenda juu, hapo nenda kwa daktari na karatasi yako. Ukiona 180 na kitu huku kifua kinabana, kichwa kinapasuka, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umekufa ganzi, usije kaunta kwangu, nenda hospitali usiku huo huo.

Dada kwa namba zako ningekaa na mashine moja wiki nzima asubuhi na jioni kabla ya kuogopa.

Prof Maskani

Mkuu umesema vya kupunguza tu. Vya kuongeza je? Maana mtu ukimnyima chumvi, sukari, diklo na soda anabaki na nini.

Mzee wa Kaunta

Hahaha haki. Vya kuongeza ndo rahisi kwetu kuliko kwa Wazungu. Mwaka 1997 Marekani walitoa majibu ya mlo wanaouita DASH, watu waliwekwa kwenye mboga nyingi, matunda, maziwa ya mafuta kidogo, nafaka zisizokobolewa, maharage na karanga. Chumvi hawakupunguziwa, uzito haukubadilishwa, na bado wenye presha namba ya juu ikashuka kwa kama 11 ndani ya wiki nane. Baadhi ya vidonge vinashusha kiasi hicho hicho. Sasa tafsiri kwa soko la Buguruni: mchicha, matembele, kunde, choroko, ndizi, parachichi, papai, mtindi. Fungu la matembele bei yake haifiki soda.

Ugali wa dona badala ya sembe ni sahihi, ila mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu, sumukuvu haina mchezo, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchambua mahindi ukaona meusi usiyachanganye "kwa sababu yatasagwa".

Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie ndizi na parachichi kwa wingi kabla ya kuongea na daktari wake, potasiamu kwake inaweza kulundikana.

Usingizi pia, masaa saba. Najua dereva anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya stendi, huyu nikimwambia alale masaa saba namdhihaki, basi alale mchana gari likiwa kwa deiwaka, yule dereva wa kumshikia, na simu aizime. Mtu anayekoroma mpaka anakata pumzi usingizini na mchana anasinzia barabarani, aende akaangaliwe, ule ugonjwa unapandisha presha wenyewe na ni hatari kwa abiria.

Mama Wawili

Asante kaka. Na maji ya moto ya limao na kitunguu saumu asubuhi? Kwenye magrupu yote ndo wanatuma.

Mzee wa Kaunta

Limao halichomi mafuta. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, kitie kwenye mboga, na ukikitumia uweke chumvi kidogo kwa sababu kina ladha yake. Wanaokunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi wasimeze vidonge vyake bila kumwambia daktari.

Makanga wa Pwani

Swali la mwisho ndugu. Mamangu mdogo alianzishiwa amlodipini, miguu ikavimba kwenye kifundo, akaziacha, sasa anakunywa majani ya mstafeli. Nimwambieje?

Mzee wa Kaunta

Kuvimba vifundo kwa amlodipini kunajulikana na huwapata watu wengi kiasi, mara nyingi sio moyo wala figo, ni ile dawa. Dozi inaweza kupunguzwa au akabadilishiwa kundi lingine kabisa, ziko nyingi na nyingine bei nafuu. Hata hivyo daktari ndo aiangalie hiyo miguu, hasa kama umevimba mmoja tu au anahema akilala chali. Majani ya mstafeli akiyapenda anywe kama chai, ila arudi kliniki wiki hii hii, abebe na pakiti ya dawa aliyoacha, na muelezeni daktari wazi kwamba aliziacha na kwa nini. Wazee wengi wanaficha hilo, daktari anadhani dawa imeshindwa anaandika kali zaidi. Nenda nae wewe mwenyewe, akikaa mbele ya daktari peke yake atasema anameza.